Nywila Ndani ya Kiatu cha Afande

Jirani zangu, sogeeni niwaambie. Mnanijua mimi mwenye duka la fotokopi pale kona, na mnajua sipendi kumsema mtu mbele ya watu. Hili la Fundi nimeruhusiwa na mwenyewe, mkewe akiwa shahidi, kwa sharti moja tu, kwamba nisitie chumvi. Sitatia. Kwanza halihitaji.

Nyumba ya Fundi mnaisikia kabla hamjaiona. Asubuhi nyundo inagonga, inanyamaza, halafu mtu anapuliza vumbi kwenye soli. Chumba cha mbele ndicho karakana. Ukutani kuna kalibu za mbao, zile za umbo la mguu anazoshonea viatu, zimepangwa mbili mbili, na hakuna jozi yenye mguu unaofanana na mwenzake, kwa sababu Fundi hashoni viatu vya watu kama mimi na wewe. Anawashonea wale ambao mguu mmoja ni mfupi, au umepinda, au una vidole vitatu. Mtu anaingia akichechemea, baada ya wiki mbili anatoka akitembea wima, na huko barabarani hakuna anayejua kwamba soli yake ya kushoto ni nene kuliko ya kulia.

Kazi hiyo hakuichagua. Alikuwa mshona viatu wa kawaida mpaka alipozaliwa binti yake, na mguu wa kushoto wa yule mtoto ukaanza kubaki nyuma ya wa kulia. Hospitali wakasema wasubiri akue. Fundi hakusubiri. Mtoto akiwa na miaka miwili alishonewa kiatu chake cha kwanza chenye soli ya kupandisha, na tangu siku hiyo hajawahi kuvaa kiatu cha dukani. Sasa ana miaka kumi na mmoja na mtaa mzima tunamwita Mkaguzi. Hakuna kiatu kinachotoka kwenye ile karakana kabla hajakiweka juu ya meza, akainama mpaka jicho likawa sawa na meza, na kutoa hukumu.

"Baba, hapa gundi imekimbia."

"Imekimbia wapi?"

"Hapa. Na huku kamba moja ni ndefu."

Fundi, ambaye hajawahi kukubali kosa mbele ya mtu mzima yeyote, anakichukua kiatu na kukirudia bila neno. Mkewe ni mpishi wa shule. Siku za mapumziko hukaa mlangoni na beseni la viazi, anamenya huku akiwacheka wote wawili. Ndivyo walivyokuwa wakiishi, na mimi nikipita pale nilikuwa napunguza mwendo makusudi ili niwasikie.

Basi ndani ya nyumba hiyo yenye amani mlikuwa na ugonjwa. Si pombe, Fundi hanywi. Si kamari. Ugonjwa wenyewe ni ujuaji. Mtu anakijua kitu kabla hajaambiwa, na akiambiwa anakuwa amekijua zaidi. Msicheke, maana wengine wenu mmekaa hapa na ugonjwa huo huo na wake zenu wamenieleza.

Sasa shikeni hili, ndilo lenye uzito. Kila baada ya miezi sita Fundi humsimamisha bintiye juu ya karatasi nene, akachora nyayo zote mbili, na pembeni akaandika urefu wa kila mguu kutoka nyonga hadi kifundo, na tofauti yake kwa milimita. Amefanya hivyo tangu mtoto ana miaka miwili. Alikuwa na karatasi za mtoto, na karatasi za wateja zaidi ya mia tatu, zimejaa kwenye maboksi mpaka mkewe akasema ama maboksi yatoke au atoke yeye. Ndipo Fundi akanunua kompyuta iliyotumika, akaniletea maboksi yote niyaingize. Wiki mbili nilikuwa nafunika na kufunua ile mashine yangu ya kuskani. Ilipata joto mpaka nikawa naipepea na bahasha.

Mtu mwingine angezihifadhi zile karatasi. Fundi aliziangalia, akazipapasa, akaona ni nene na nzuri, na zina upande mmoja mtupu. Akazikata kielelezo cha ngozi, kimoja baada ya kingine. Ulimi wa kiatu, ukingo, kisigino. Kwa mshona viatu karatasi nene haitupwi, na wala haiachwi ikae bure. Kwa hiyo miaka tisa ya miguu ya mtoto ikabaki sehemu moja tu, ndani ya ile kompyuta.

Nikamwambia mapema. "Fundi, weka nakala na mahali pengine. Kuna hifadhi ya mtandaoni, watu wanaiita wingu. Unaiwasha mara moja, halafu yenyewe inaoanisha. Unachokiweka kwenye kompyuta, na kule kinafika."

Akaniangalia kwa huruma. "Dada, kuoanisha ni kwa wenye kompyuta mbili. Moja ya ofisini, moja ya nyumbani, zinapeana habari. Mimi ninayo moja. Utaioanisha na nani? Na cherehani?"

"Haioanishwi na kompyuta nyingine. Inaoanishwa na—"

"Hata mtoto mdogo anajua, ukiwa na kitu kimoja huna cha kukilinganisha nacho."

"Baba, mimi ni mtoto mdogo na sijui," alisema Mkaguzi.

Fundi akajifanya hakusikia. Akatuonyesha ulinzi wake mwenyewe. Kwanza, kompyuta alikuwa ameifunga mnyororo kwenye mguu wa meza. Pili, alikuwa ameweka nakala. Akafungua kwa madaha, tukaona folda tano zimejipanga: Miguu, Miguu Akiba, Miguu Akiba ya Kweli, Miguu Usiguse, na ya mwisho Miguu Usiguse Hata Wewe.

"Hata nani?" mkewe akauliza.

"Yeyote."

"Anayeigusa hiyo kompyuta ni wewe peke yako."

Nikamwuliza, mtu mwenye mashati matano ndani ya sanduku moja, sanduku likiungua anabaki na mashati mangapi? Akajibu kwamba sanduku lake lina mnyororo. Nikamwacha. Kuna siku unaona kabisa maneno yako yanagonga ukuta na kukurudia mwenyewe.

Zile folda tano zikamkomesha. Kompyuta ikajaa mpaka ikawa inachukua muda wa kupika uji kabla haijafunguka. Akaja dukani kwangu amenuna, akaiweka juu ya kaunta na mnyororo wake unaning'inia, akasema, "Haya, niwekee hilo wingu lako, tuone." Hakusema naomba. Nikamwekea. Nikamwambia folda nne za ziada azifute, ibaki moja, na ile moja ndiyo tuiunganishe na mtandao.

Kazi ilikuwa kwenye nywila. Aliandika ya kwanza, mtandao ukaikataa kwamba ni fupi. Akaandika ya pili, ikakataliwa kwamba haina tarakimu. Ya tatu aliiandika amenipa mgongo kama mtu anayebadilisha nguo, ikapita.

"Iandike mahali," nikamwambia.

"Nitaiandika mahali ambapo mwizi hatafika maisha yake yote."

Na hapa, jirani zangu, na mimi nina dhambi yangu, nisijifiche. Nilikuwa namweleza vizuri. Nikasema, "Sikiliza Fundi, hivi vitu viwili vimeshikana. Ukiongeza hapa, na kule kinaongezeka. Ukibadilisha hapa, na kule kinabadilika. Na uki—" Akaingia mama mmoja na watoto wanne wa kupigwa picha ndogo, mmoja analia, na Fundi akasema, "Nimeelewa, nimeelewa," akabeba kompyuta yake akaondoka. Ningemfuata hadi barabarani. Sikumfuata.

Siku shule zilipofunguliwa, Fundi alikaa mbele ya kompyuta akafikiri. Mtu mwenye ugonjwa ule akifikiri peke yake ndipo pa kuogopa. Alijiambia: kama nakala nne zilikuwa za bure kwa sababu ipo ya tano, na sasa ya tano ipo mtandaoni, hii iliyobaki hapa nayo ni ya nini? Akaifuta. Yakatokea maandishi marefu ya kumwonya. Akabonyeza sawa. Baadaye nilipomwuliza maandishi yale yalisemaje, alinijibu, "Sikuyasoma. Huwa yanatokea." Kisha akamwaga na pipa la taka la kompyuta, maana ni mtu msafi. Kompyuta ikawa nyepesi. Akatembea mtaani akitusimulia jinsi ilivyo nyepesi.

Wiki iliyofuata aliona ile programu ya kuoanisha inamla bando, akaiondoa. Wiki ya pili akachoshwa na ujumbe wa matangazo kwenye simu, akaitupa ile laini akanunua nyingine. Yaani alifunga milango mmoja baada ya mwingine, na ufunguo hakujua uko wapi, na kila alipofunga mmoja alifurahi.

Sasa njooni hospitali. Daktari wa mifupa huja kwenye hospitali yetu mara mbili tu kwa mwaka. Safari hii alimpima Mkaguzi, akamweka kwenye mashine ya picha, akakaa chini na wazazi. Mkewe Fundi ndiye aliyenisimulia, na alikuwa anarudia kila neno la yule daktari kama anayeogopa litampotea.

Daktari alisema mtoto bado ana muda wa kukua. Kuna operesheni ndogo ya kuupunguzia kasi mguu mrefu, ili ule mfupi uufikie. Lakini inataka ifanywe wakati wake. Ukiwahi sana, unaharibu, na ukichelewa mtoto ameshamaliza kukua, ndiyo basi tena. Na ili aujue huo wakati, lazima aone kila mguu ulivyokuwa ukikua mwaka kwa mwaka. Hospitali walitafuta faili la mtoto. Faili lilipotea walipohama jengo la zamani.

"Kwa hiyo hatuna rekodi," daktari akasema. "Bila rekodi nitakuwa nabahatisha, na kwa mguu wa mtoto sibahatishi."

Fundi akatabasamu. Mkewe anasema alitabasamu kama mtu aliyengoja swali hilo miaka tisa. "Daktari, rekodi ninazo mimi. Kila miezi sita. Kwa milimita."

Daktari akamwangalia upya kabisa. "Zilete. Niko hapa mpaka keshokutwa asubuhi."

Wakaja dukani kwangu moja kwa moja, wote watatu. Fundi akasimama kwenye kaunta amepanua kifua. "Dada, nichapie miguu ya mtoto kutoka kwenye wingu."

"Kwa nini usiifungue kwenye kompyuta yako?"

"Kule niliifuta. Si ipo mtandaoni?"

Niliacha nilichokuwa nakibana na stepla. "Uliifuta kabla ya kuitoa ile programu, au baada?"

"Kabla. Kwani ina tofauti gani?"

Nikakaa chini. Nikamwambia ile nusu ya sentensi ambayo ningemwambia siku ile: ukifuta hapa, na kule kinafutika. Kile si chumba cha kuwekea mizigo, Fundi, ni kioo. Ukiondoka mbele yake, na kule ndani huonekani tena.

Fundi akaushika ukingo wa kaunta. Mkewe aliuliza polepole, "Ina maana hakuna kitu?" Mkaguzi alikuwa amesimama katikati yao, amewashika mkono huyu na huyu. Akauliza, "Shangazi, na huko mtandaoni hakuna pipa la taka?"

Mtoto wa miaka kumi na mmoja, nawaambia. Lipo. Vitu vilivyofutwa vinakaa humo siku thelathini, halafu vinapotea moja kwa moja. Nikauliza alifuta lini. Fundi hakukumbuka, lakini alikumbuka ilikuwa siku shule zilipofunguliwa, na mkewe ni mpishi wa shule, ana kalenda ya jikoni anayokata kila siku inayopita. Akahesabu kwa vidole, akarudia, akanitazama.

"Leo ni ya ishirini na tisa."

"Nipe nywila," nikamwambia Fundi.

Akaanza kufuta vumbi la kaunta kwa kiganja.

"Fundi. Nywila."

"Niliiandika."

"Wapi?"

Akaangalia viatu vyake. "Ndani ya kiatu. Chini ya ngozi ya ndani, halafu nikaibandika na gundi. Nani angetafuta pale?"

"Vizuri sana. Kiatu kiko wapi?"

"Mwenyewe alikichukua."

Mkewe alishika tama. Mimi nilifikiri sikusikia vizuri. Siku ile alipotoka dukani kwangu alikuwa na kiatu mezani kimebaki kubandikwa ngozi ya ndani, akaona hapo ndipo pa salama kuliko pote duniani. Wino, ngozi, gundi, kwisha. Siku mbili baadaye mwenye kiatu akaja, akavaa, akashukuru, akaondoka nacho.

Najua mnachotaka kusema. Si abonyeze pale panapoandikwa umesahau nywila? Tulibonyeza. Namba ya siri ikatumwa kwenye ile laini aliyoitupa. Je, haikumbuki? Alijaribu ya kwanza, ikakataa. Akajaribu ya pili, ikakataa. Mtandao ukaandika kwamba tukikosea mara tatu zaidi utafunga mpaka keshokutwa. Nikamwondolea mikono kwenye kibodi.

"Kiatu ni cha nani?" nikamwuliza.

"Cha Afande."

Afande mnamjua nyote, yule askari wa trafiki mrefu wa pale kwenye makutano makubwa, anayesimama juu ya kile kijukwaa cha saruji katikati ya barabara. Mguu wake wa kushoto ni mfupi sentimita mbili, na hapa mtaani hakuna aliyewahi kujua hilo mpaka siku hii ninayowaambia. Amekubali niseme, maana baada ya siku ile hakuna siri tena.

Nilifunga duka mchana kweupe. Tukaenda wote wanne. Magari yalikuwa yamejaa kila upande, na Afande yuko juu ya kijukwaa chake anapuliza filimbi, mkono mmoja unaita, mkono mwingine unazuia. Fundi akapita katikati ya malori na kisu chake cha ngozi mkononi. Nilimwambia afiche kisu, hakusikia.

Afande alimwona. "Fundi, rudi pembeni. Na hicho kisu ni cha nini?"

"Afande, naomba kiatu cha kushoto."

"Unaomba nini?"

"Cha kushoto. Nitakirudisha sasa hivi."

"Ulinishonea mwenyewe, nikakupa chako ukapokea. Leo unataka kuninyang'anya nikiwa kazini?"

Magari yakaanza kupiga honi. Fundi akaanza kueleza habari za wingu, na kuoanisha, na pipa la taka, na siku ya ishirini na tisa, yote kwa pumzi moja. Afande akawa anamwangalia kama anayepima kama huyu ni wa kituoni au wa hospitali. Ndipo Mkaguzi akaupita mkono wa mama yake, akapanda ukingo wa kijukwaa.

"Afande, shikamoo. Ndani ya kiatu chako kuna nywila ya miguu yangu. Tusipoipata leo, daktari hatajua lini anifanyie operesheni."

"Marahaba." Akamtazama mtoto, akatazama soli nene ya kiatu chake, kisha akatazama ya kwake mwenyewe. Akaweka mkono mmoja begani kwa Fundi, akainua mguu wa kushoto, akavua. Akaendelea kuongoza magari kwa mkono uliobaki, kasimama kwa mguu mmoja, soksi yake ina tundu kwenye dole gumba, na dereva mmoja wa lori akasimama kabisa kumshangaa mpaka akapulizwa filimbi.

Fundi akapiga magoti kwenye saruji, akaingiza kisu, akabandua ngozi ya ndani taratibu. Nami nikainama. Maandishi yalikuwepo, lakini mwezi mzima wa jasho la askari wa trafiki si jambo dogo. Ilisomeka *mkaguzi*, na baada ya hapo palikuwa na doa la kahawia.

"Kuna tarakimu mbili hapa," Fundi alisema. "Ninajua ziko mbili." Alikuwa anasugua doa kwa kidole, na kadiri alivyosugua ndivyo lilivyopanuka. "Sizikumbuki. Mama Mkaguzi, sizikumbuki." Na yule bwana akalia, mbele ya malori. Hakuficha uso.

Mkewe hakumgombeza, na alikuwa na haki ya kumgombeza. Alisema tu, "Fikiri. Siku ile ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nabandika kiatu cha Afande."

"Kabla ya hapo."

"Ulikuwa umenipima mimi," Mkaguzi alisema. "Asubuhi yake. Ndiyo ukanishonea hivi vipya."

Fundi akamgeukia. Akatoa rula mfukoni, ile ya chuma anayotembea nayo kila mahali, akamwinua mtoto akamkalisha ukingoni mwa kijukwaa, miguuni pa Afande. Akapima unene wa soli ya kulia. Akapima ya kushoto. Akatoa ndogo kwenye kubwa.

"Milimita thelathini na moja," akasema. "Ndiyo tofauti niliyoiandika."

Tukaangaliana. Tumezunguka mji, tumemvua askari kiatu mbele ya malori, na tarakimu zilikuwa mguuni mwa mtoto muda wote.

"Naomba sasa kiatu changu," alisema Afande. "Nyonga inaniuma."

Tulirudi dukani mbio, Mkaguzi akiwa mbele yetu sote. Nikaandika *mkaguzi31*. Ikakubali. Nikafungua pipa la taka, na pale palikuwa na folda moja imekaa peke yake, Miguu, na maandishi madogo pembeni: itafutwa kesho. Nikairudisha. Nyayo zikaanza kujitokeza moja moja kwenye kioo, kuanzia ile ndogo ya miaka miwili ambayo haikuwa kubwa kuliko kiganja cha mama yake. Mama mtu aliweka kiganja pale juu ya kioo, akakiacha.

Asubuhi yake daktari alipanga karatasi zote kumi na tisa mezani. Akachora mstari wa mguu wa kulia na mstari wa mguu wa kushoto. Akaifuata kwa kidole mwaka kwa mwaka, kisha akamwambia Fundi kwamba vipimo hivi ni safi kuliko vya hospitali nyingi alizopita. Akaandika tarehe: safari yake ijayo, baada ya miezi sita. Akampa mtoto kalamu aikague ile tarehe na kuweka sahihi, na Mkaguzi akasema mwandiko umekimbia.

Ngojeni, haijaisha. Mwezi wa tatu baada ya hapo, kopo la gundi lilipinduka juu ya ile kompyuta. Gundi ya viatu, jirani zangu. Kompyuta ilishikamana na meza, na mnyororo ukashikamana na kompyuta. Mkewe alikuja kuniita akidhani mumewe ataanguka. Tukamkuta Fundi amekaa kwenye kigoda anakunywa chai.

"Fundi, kompyuta imekufa," nikasema.

"Ninaona."

"Na ilikuwa moja tu."

"Ilikuwa moja," akasema. "Miguu haikuwa mle peke yake. Iko mtandaoni, na iko kwenye flashi, na flashi iko kwa Afande."

"Kwa Afande wapi?"

Mkaguzi akajibu kabla ya baba yake. "Kabatini. Siyo kwenye kiatu. Nimekagua mwenyewe."

Operesheni ilifanyika tarehe ile ile. Juzi Fundi amempima tena, akanionyesha karatasi. Tofauti ni ishirini na sita, na inapungua. Hiyo karatasi hakuikata.

FUNZO LENYEWE, NA MSIJIFANYE HALIWAHUSU

Mwenye kompyuta moja anauliza, nioanishe na nani? Nami namjibu: wewe ndiye unayehitaji kuliko wote. Mwenye mbili, moja ikifa ana ya pili. Wewe yako ikifa, inakufa na kazi yako yote. Unaoanisha na ile siku gundi itakapomwagika.

Lakini kuoanisha siyo kuweka akiba. Kinachofutwa hapa kinafutwa na kule. Kwa hiyo weka nakala nyingine mahali pengine, kwa mtu mwingine, ambayo haijashikamana na chochote. Maandishi yakitokea kwenye kioo, yasome. Nywila ikae mahali pasipotembea.

Na mwenzako anapokueleza kitu, mwache amalize sentensi. Mimi nimejifunza kuimalizia hata kama watoto wanne wanalia dukani. Fundi alijifunza kuingoja. Miaka tisa ya mapenzi ya baba ilikuwa imebakiwa na siku moja, kwa sababu ya mtu kusema nimeelewa kabla hajaelewa. Sasa rudini makwenu, na yeyote mwenye folda iitwayo Usiguse aanze kunitafuta kesho asubuhi. Nafungua saa mbili.